Basi Mimi Nilizaliwa Hewani?

Gazeti moja la zamani liliwahi kunikosanisha na bibi yangu, tukakaa wiki tatu hatusemezani vizuri. Bibi ni mtu wa Majengo, Pumwani, na mtu wa Majengo akikununia unajua umenuniwa.

Alizaliwa Pangani. Si Pangani ya Tanga kule mtoni, wala si Pangani hii ya sasa ya maghorofa na kelele za Thika Road. Nasema Pangani ya kwanza, kijiji cha Waswahili wa Nairobi, nyumba za fito na udongo zilizoezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa kwa nyundo. Mama yake alikuwa na nyumba pale, akipangisha. Wanawake wengi wa Pangani walikuwa na nyumba zao wenyewe, jambo ambalo watoto wa siku hizi ukiwaambia wanadhani unawatania. Habari za nyumba hiyo tulilishwa kila Idi pamoja na pilau. Nilipokuwa darasa la nne ilikuwa na vyumba vinne. Nilipomaliza sekondari vilikuwa vimefika sita. Wajomba zangu walikuwa wakikonyezana: ngojeni Idi ijayo, itaota ghorofa.

Mimi si mwanahistoria. Nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, mahali ambapo hadi leo watu wanapaita Grogan, kwa jina la mlowezi aliyekufa zamani. Siku moja mteja mmoja anayesubiri kufungiwa breki akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikamwambia Majengo, lakini asili ni Pangani ya zamani, kabla haijabomolewa. Akacheka. Akasema yeye amekulia Pangani na hakuna Pangani nyingine iliyowahi kuwapo. Nilikuwa na maneno ya Bibi tu, na maneno ya Bibi yalikuwa na vyumba vinavyoongezeka.

Kutoka dukani hadi maktaba ya McMillan ni mwendo wa robo saa kwa miguu, ukikatiza katikati ya mji. Iko Banda Street, ubavuni kabisa mwa Msikiti wa Jamia: ngazi pana, nguzo nene, na simba wawili wa mawe wanaokukodolea macho kama askari wa benki. Nilikuwa nimepita mbele ya simba hao maelfu ya Ijumaa nikienda kuswali na sijawahi kupanda zile ngazi. Jengo liliwekwa na mjane wa Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuja kulowea huku na kufariki 1925. Lilifunguliwa 1931, kwa Wazungu peke yao. Wengine sote tulingoja hadi ukoloni unakaribia kufunga virago. Nilipomwambia Bibi ninakokwenda aliinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Kwa wale simba? Huko si kwetu." Uhuru ulikuwa na zaidi ya miaka hamsini.

Nilimkuta mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi. Nikamsalimu nikamwambia nataka habari za Pangani.

"Ya mwaka gani?"

"Ya zamani, mama."

"Zamani si mwaka, kijana."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi kuliko mengi niliyofundishwa shuleni. Magazeti ya zamani hayana kitufe cha kutafutia. East African Standard, lililoanzishwa Mombasa 1902 na A. M. Jeevanjee likiitwa African Standard na kuhamia Nairobi 1910, limefungwa kwa majalada makubwa kama milango ya kabati. Jalada moja unalibeba kwa mikono miwili, unalilaza mezani taratibu, na ukilifungua pembe za kurasa zinamomonyoka kama jani la mgomba lililokauka. Gazeti la kila siku, matoleo zaidi ya 300 kwa mwaka. Ukija na neno "zamani" utazeekea pale pale mezani.

Kwa hiyo mama yule alinianzisha kwenye vitabu kwanza, nipate mgongo wa kushikilia. Ndiko nikajua kwamba Nairobi ya mwanzo, baada ya reli kufika 1899, ilizungukwa na vijiji vya Waafrika vilivyokuwa na majina ya Kiswahili kabla mji wenyewe haujajua utakuwa nini: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ikapima Pumwani iwe lokesheni, yaani mtaa uliotengwa kwa Waafrika, na wakazi wa vijiji vile wakaanza kusukumwa huko. Nilisoma nikicheka peke yangu. Kumbe Majengo, ambayo sisi tunaiona ndiyo mama wa mitaa yote, nayo ilikuwa mahali pa kuhamishiwa.

Kisha nikaomba majalada ya miaka ile ya 1920, na baada ya siku nne za kupekua nikaliona jina lenyewe. Pangani, kwenye habari ndogo ya shughuli za manispaa, katikati ya tangazo la whisky na ratiba ya meli. Kwa kifupi, kijiji lazima kiondoke. Moyo ulinienda mbio. Nikaandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu nikiwa nyumbani: PANGANI ILIBOMOLEWA. Nikaweka mwaka. Halafu nikapiga hesabu ya umri wa Bibi nikakuta kijiji kilikufa kabla yeye hajazaliwa.

Sasa mtu mwenye akili angekaa nayo kwanza. Mimi nilikwenda Majengo jioni ile ile, wajomba wawili wako barazani, mama mkubwa anapepeta, nikafungua daftari kama hakimu. Nikamwambia Bibi kwa heshima zote kwamba gazeti linasema Pangani ilibomolewa kabla hajazaliwa, kwa hiyo labda anayoyakumbuka ni ya Pumwani, au ni aliyosimuliwa na mama yake.

Hakupandisha sauti. Aliniangalia tu.

"Basi mimi nilizaliwa hewani?"

Wajomba waliangalia chini. Akainuka, akachukua msala wake, akaingia ndani. Na mlango wa chumba cha Bibi una pazia tu, haufungwi, lakini siku ile ulifungwa.

Nilirudi kwa mkutubi nikijiona nimeonewa. Nikamsimulia. Akaniomba jalada lile tulifungue tena pamoja, akaweka kidole hewani juu ya ule mstari bila kuugusa, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Akauliza, "Sasa hapo kijiji kimebomolewa, au kinatakiwa kibomolewe?"

Kinatakiwa. Lilikuwa azimio, maneno ya wakubwa kuhusu kijiji ambacho siku ile kilikuwa kimesimama na watu wanapika jioni. Manispaa iliendelea kutaka kukiondoa miaka ile yote, lakini haikuwa na pa kuwapeleka watu. Pangani iliishi hivyo, imeshahukumiwa lakini haijanyongwa, zaidi ya miaka kumi, hadi nyumba za Shauri Moyo zilipojengwa kwa ajili ya waliohamishwa, na kijiji kikamalizwa 1939. Bibi alizaliwa ndani ya miaka hiyo ya katikati. Alikuwa na haki yake yote ya kuzaliwa Pangani.

Tofauti ya "-ta-" na "-li-", basi. Mtoto wa darasa la pili anaijua. Mimi ilinigharimu wiki tatu za kununiwa, na nadhani inawagharimu wengi wanaosoma nyaraka za serikali yoyote, ya zamani au ya leo. Nyaraka zimejaa mambo yatakayofanyika. Barabara zitajengwa, visima vitachimbwa. Siku hizi nikikuta azimio naliandika kwa penseli upande wa kushoto wa daftari, na upande wa kulia naacha wazi hadi nikute kwamba lilitendeka. Upande wangu wa kulia una nafasi nyingi sana.

Nilikwenda kuomba msamaha na kilo mbili za sukari na boksi la majani ya chai. Alipokea sukari. Msamaha alisema ataufikiria. Lakini nilipomwambia kwamba nilisoma vibaya na kwamba nahitaji yeye aniambie ni lini hasa walihama, macho yakamcheza. Hakuna aliyewahi kumwuliza lini. Sote tulimwuliza ilikuwaje.

"Mwaka siujui mimi. Sikuwa na kalenda." Akafikiri. "Ramadhani ya kwanza tuliyofungia Shauri Moyo, vita vya Wajerumani vilikuwa vimeshatangazwa, vijana wanaandikwa jeshi. Na ile ya kabla yake tulifungia kwetu, Pangani, maana mama alipika kaimati akawapa wapangaji wote."

Nikaondoka na hayo kama mtu aliyeokota ufunguo. Vita vilitangazwa tarehe 3 Septemba 1939, hilo hata mimi nalijua. Ramadhani je? Hapo ndipo nikashukuru maktaba kuwa ubavuni mwa msikiti. Baada ya swala ya adhuhuri nilimfuata mzee mmoja anayekaa upande wa kutawadhia, mtu wa hesabu, nikamwuliza Ramadhani ya 1939 iliangukia mwezi gani. Hakushangaa swali. Akaomba karatasi. Alianza na Ramadhani anayoikumbuka mwenyewe vizuri, akarudi nyuma, siku kumi au kumi na moja kwa kila mwaka, midomo ikicheza, vidole vikigusana kama anavuta tasbihi. Akaandika: katikati ya Oktoba. Na ya mwaka uliotangulia? Mwisho wa Oktoba, ikaingia Novemba 1938. Nilikuja kuhakikisha kwa jedwali la kalenda, na mzee hakukosea.

Kwa hiyo walihama baada ya Idi ya Novemba 1938 na kabla ya katikati ya Oktoba 1939. Miezi kumi na moja. Kutoka "zamani" hadi miezi kumi na moja, na kazi kubwa imefanywa na vikongwe wawili, mmoja hajui kusoma Kizungu na mwingine ana karatasi ya risiti. Kisha Bibi akaongeza, siku nyingine kabisa, tena bila kuulizwa, kwamba godoro la mama yake lilianguka kwenye matope njiani na halikukauka kwa siku nyingi. Matope ni mvua: vuli mwishoni mwa 1938, au masika ya 1939. Nikaanza na Machi 1939.

Nisikudanganye. Nyumba ya mama yake Bibi sikuiona gazetini, si Machi, si Aprili, si Mei. Gazeti lile halikuwa letu na wala halikuwa likituandikia. Kurasa za miezi ile ni hofu ya Ulaya, bei za kahawa na mkonge, mbio za farasi, nani ameshukia hoteli gani. Kijiji kizima cha watu kinavunjwa umbali wa kutembea kwa miguu, na unaweza kupekua majuma mawili usikute hata mstari. Gazeti la Kiswahili la Baraza lilianza 1939 huo huo. Kila nikifikiria hilo huuma kidogo: sauti ilikuja mlangoni wakati nyumba inabomolewa.

Lakini ukikaa na majalada muda mrefu unajifunza kwenda kando. Kwanza maneno. Nilikuwa nikitafuta "Pangani" na "Waswahili", ilhali wao mara nyingi waliandika "kijiji" tu, au "lokesheni", au "wenyeji". Unapaswa kujua mtu alikuwa anakuitaje ndipo utakapojua alisema nini juu yako, na si majina ya kupendeza. Pili, kurasa ambazo hakuna anayezisoma. Gazeti Rasmi la serikali, linalotoka tangu 1899, lina matangazo ya mirathi ya watu waliokufa, na humo nilikutana na majina ya Kiislamu ya Nairobi yameandikwa kila namna karani alivyosikia: Fatuma, Fatma, Fatima, na "binti" ikiwa na i ya mwisho au haina. Ukishikilia tahajia moja umekwisha. Ushahidi uliotolewa mbele ya tume ya ardhi ya Carter, ile ya enzi za ukoloni, uliochapishwa 1934 kwa majuzuu matatu manene, una watu wa kawaida wanazungumza, ingawa kupitia mkalimani na kalamu ya mtu mwingine. Nilisoma kurasa nyingi humo ambazo hazikuhusu nyumba yetu hata kidogo. Siwezi kujitetea, zilinivuta.

Katika mirathi nilimkuta marehemu ambaye wajukuu zake nilisoma nao madrasa. Tangazo lilikuwa na mambo ya deni. Nilikaa nalo siku kadhaa. Kwa mmoja wetu mle madukani pangetosha kuwa kichekesho cha mwezi mzima. Nikalitoa fotokopi, nikalipeleka kwa mkubwa wao peke yake, nikamkabidhi mkononi. Alilisoma akaliweka mfukoni, akanilipia chai. Hatujalizungumza tena.

Na nilifanya upuuzi mwingine ambao ni wangu mwenyewe, maktaba haina kosa. Nilipiga picha 214 kwa simu katika siku tatu, ukurasa baada ya ukurasa, nikifurahia kasi yangu. Nilipozifungua nyumbani nilikuta vipande vya habari visivyo na tarehe wala namba ya ukurasa, maana tarehe iko juu na mimi nilipiga katikati. Nikarudia karibu zote. Tangu hapo naweka kikaratasi kando ya habari, nimeandika gazeti, tarehe, ukurasa, safu, ndipo napiga. Mkutubi aliniona nikifanya hivyo akasema, "Umekua."

Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue nilikwenda pia, kwa faili za serikali, na hiyo ni hadithi ndefu yenye foleni zake. Lakini kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa ramani ya zamani ya Nairobi niliyoonyeshwa. Mitaa ya Wazungu ina majina, viwanja vina namba, hata miti imechorwa. Pangani ni doa. Doa tupu, lenye mpaka, halina njia hata moja ndani yake. Niliichora upya kwenye karatasi kubwa ya kufungia vipuri, mpaka tu na mto, nikaipeleka Majengo.

Bibi aliiangalia kwa muda. "Hii ndiyo Pangani?" Akaagiza mbaazi. Mama mkubwa akaleta bakuli. Bibi akaiweka karatasi kwenye sinia, akaligeuza sinia mara mbili hadi mto ukakaa upande anaoujua, akaanza kupanga mbaazi moja moja. Huu msikiti. Hapa mahali pa kuteka maji. Hapa mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua, hapa fundi cherehani, hapa pana ngoma siku za harusi. Mkono unatetemeka lakini kidole hakisiti. Wajomba waliokuwa wakikonyezana walisogea, wakachuchumaa. Kila akiweka mbaazi nilikuwa naizungushia penseli na kuandika namba, na kwenye daftari naandika alichosema, kwa maneno yake, na tarehe ya siku ile juu. Tulifika sabini na kitu ndipo adhana ya magharibi ikatukatisha.

Siku ya pili alifika kwenye nyumba ya mama yake. Aliweka mbaazi nne, zimekaribiana. Nikasubiri. Hakuongeza.

"Vyumba vinne, Bibi?"

"Vinne."

Mjomba mmoja akashindwa kujizuia. "Na vile sita vya kila Idi?"

Bibi akachukua mbaazi mbili nyingine, akaziweka pembeni, kama upana wa kidole kutoka kwenye zile nne. "Hivi ni vya jirani yetu. Alikuwa mwanamke wa peke yake, hakujaliwa mtoto. Alikufa tulipofika tu Shauri Moyo." Akazisawazisha ziwe sambamba. "Mimi nisipovihesabu vyake, atavihesabu nani?"

Nikazizungushia penseli, namba 81 na namba 82, nikamwuliza jina la yule jirani, herufi kwa herufi. Jumatatu nilikuwa kwa wale simba mapema, kabla ya kufungua duka, nimebeba jina hilo kwa tahajia tano.